Cheti Nilichokiandika Mwenyewe

Kila mtoto anayetaka kufanya kazi kwenye reli ya watoto, kule kwenye milima ya Buda, lazima awe na cheti cha afya. Cheti cha mwanangu Bendegúz kina sehemu ya macho, na sehemu hiyo niliijaza mimi.

Nieleze kwanza reli yenyewe, maana wageni hudhani ni bembea. Ni reli ndogo ya kweli inayopita msituni juu ya mji, na wanaoiendesha ni watoto wa miaka kumi hadi kumi na nne. Anayeendesha kichwa cha treni ni mtu mzima, na wapo wasimamizi wachache. Wengine wote, wanaouza tiketi, wanaotangaza, wanaobadili njia, wanaosimama jukwaani na kuipigia saluti kila treni inayoondoka, ni watoto waliovaa sare. Hapokelewi kila anayetaka. Alama za shule ziwe nzuri na mwalimu aridhie, kwa sababu siku ya zamu mtoto haendi darasani. Kuna kozi ya miezi minne, halafu mtihani. Bendegúz aliingia akiwa na miaka kumi na moja, na tangu siku hiyo sikuwahi tena kumwamsha asubuhi ya zamu. Nilikuwa namkuta mezani amekwisha kunywa kakao yake, kofia iko magotini.

Mimi ni mpima macho. Nina stashahada, na duka ninalofanyia kazi liko chini ya Kilima cha Ngome, mahali ambapo watalii huteremka wamechoka na kugundua kwamba wamekalia miwani yao. Kwa hiyo daktari wa mtaa alipokwisha kumpima Bendegúz moyo, mgongo na masikio, akafika sehemu ya macho, aliniangalia akacheka.

"Tünde, una vifaa kuliko mimi. Kaijaze hii dukani kwako, uniletee nigonge muhuri."

Nikaijaza. Nilimsimamisha mtoto mbele ya ubao wa herufi, akasoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao hata mimi huukisia. Swali lililofuata kwenye fomu lilihusu rangi. Kitabu cha vitone, kile cha kupimia rangi, kilikuwa rafu ya juu kabisa, nyuma ya maboksi ya fremu za mwaka uliopita, na ngazi ilikuwa stoo. Nikaandika kwamba anaona rangi zote bila tatizo, nikatia saini. Mtoto nimemzaa mwenyewe, nimemlea mwenyewe. Baba yake anaishi Győr na mke mwingine, ni mtu mzuri kwa umbali huo. Nisijue mimi kama mwanangu anaona rangi?

Kazini nasifika kwa kutozunguka. Akija mzee anayekodoa macho na kusema anaona vizuri sana ila herufi zimefifia siku hizi, namwambia: "Bwana, herufi hazina kosa. Nipe funguo za gari, mpigie mkeo aje akuchukue." Wengine hununa. Mmoja alinitupia kifuko cha miwani. Sijali. Hasira hupoa, mguu uliokatika haurudi.

Mwezi wa Juni tulikwenda Érd, kwa baba yangu, kuchuma cheri chachu. Baba ana miti mitatu na mgongo mbovu, kwa hiyo yeye hukaa kwenye benchi akizitoa kokwa, sisi ndio tunaopanda. Nilimpa Bendegúz ndoo ndogo na mti mfupi. Baada ya nusu saa ndoo yangu ilikuwa imejaa, na yake cheri zilikuwa hazijafunika hata kitako.

"Unazichuma au unazibembeleza?" nikamuuliza.

"Nazichuma."

"Mbona unazibonyeza moja moja kama muuguzi?"

"Nikibonyeza najua iliyoiva."

"Iliyoiva ni nyekundu, mwanangu. Unatazama, unachuma, basi."

Aliendelea kupapasa ndani ya majani, uso ameugeuza pembeni kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba.

"Mwache mtoto," baba akasema kutoka kwenye benchi. "Mimi nilikuwa nachuma vivyo hivyo. Mama yako alikuwa ananiita konokono."

"Wewe ulikuwa unabonyeza kwa nini?"

"Kwa sababu sizioni. Zikiwa ndani ya majani, zote kwangu ni majani." Alisema hivyo kama anasema goti linamuuma, akatema kokwa.

Nilishuka kwenye ngazi. "Tangu lini, baba?"

"Tangu nizaliwe, nadhani. Nilipokuwa kijana nilitaka ufundi wa umeme. Wakanionyesha nyaya, nikazichanganya, wakanipeleka kwa mafundi bomba. Maji hayana rangi."

"Na hukuniambia. Mimi, mpima macho."

"Umenipima mara ngapi? Kila mara ulitaka nikusomee herufi. Nikakusomea. Na soksi alikuwa ananichagulia mama yako, Mungu amrehemu."

Jambo hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni. Baba asiyetofautisha nyekundu na kijani humrithisha binti yake. Binti haoni dalili yoyote. Naye binti akizaa mtoto wa kiume, ni kama kurusha sarafu. Lilikuja kwenye mtihani na nililijibu vizuri mno. Sasa nilikuwa nimesimama chini ya mti, maji ya cheri yananichuruzika hadi kwenye kiwiko, namtazama mwanangu akiibonyeza cheri ya kijani, akiiacha, akiibonyeza nyingine.

Jumatatu jioni, wenzangu walipoondoka, nilileta ngazi kutoka stoo.

Ukurasa wa kwanza wa kitabu kile kila mtu huuona. Wa pili nikamuuliza, "Unaona nini?"

"Vitone."

"Na ndani ya vitone?"

"Vitone vingine."

Tuliendelea. Kufika ukurasa wa tisa alianza kubahatisha. "Nane? Tatu?" Nikafunga kitabu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua kuna kitu. Darasa la pili nilichora farasi wa kijani, mwalimu akanisifu kwa ubunifu. Nikaona ninyamaze."

"Na kule kwenye reli unafanyaje?"

Hapo akachangamka. Nadhani alikuwa amengoja muda mrefu apate mtu wa kumsimulia. "Mkono wa ishara pale kwenye nguzo ukilala ni simama, ukiinuka ni nenda, hauna haja ya rangi. Kwenye taa naangalia iliyowaka ni ya juu au ya chini. Shida ni vile vibao vya duara vya kushika mkononi. Lakini cha kijani kina pengo kwenye mpini. Nalipapasa kwa kidole gumba."

"Pengo hilo nani alilitia?"

"Lilikuwepo." Akakuna goti. "Nililiongeza kidogo."

Nusura nicheke, na nusura nimchape kofi. Alikuwa ananitazama usoni kama wateja wanavyonitazama ninapoandika namba kwenye kadi.

"Utamwambia Shangazi Hedvig?"

Hedvig ndiye msimamizi wa kikundi chao. Naye alipiga saluti kwenye majukwaa hayo hayo akiwa mdogo, na hakuna sheria ya reli ile asiyoijua. Jumamosi ya wiki iliyofuata alikuwa awape mtihani watoto wanaotaka kofia nyekundu. Mwenye kofia nyekundu ndiye bwana au bibi wa stesheni siku ile. Ndiye anayeinua kibao na treni nzima ikamtii. Bendegúz alikuwa amekisoma kitabu cha kanuni mpaka kurasa zimelegea. Alikuwa analala nacho.

"Mama, anayeendesha ni mtu mzima. Shangazi Hedvig yuko nyuma yetu saa zote. Hakuna aliyewahi kuumia."

"Bado."

"Ukisema wataniondoa. Na wewe utapata matatizo, kwa sababu wewe ndiye uliyeandika."

Alikuwa ameshafika huko peke yake, akaniacha mimi bado njiani. Nikamwambia, "Vaa koti, tunakwenda nyumbani." Ilikuwa Juni. Hakuwa na koti.

Siku zilizofuata nilifanya kile ambacho wateja wangu hufanya. Nilijiambia kwamba ni treni ndogo, mwendo wake wa taratibu, mtu akikimbia kidogo anaipita. Nilijiambia nitasema baada ya mtihani. Halafu nikajiambia nitamfundisha mbinu nzuri kuliko pengo kwenye mpini, na nikakaa meza ya jikoni kweli nikifikiria kioo chembamba chekundu ambacho angekificha kiganjani, kwa maana kitu ukikitazama kupitia kioo kama hicho, kijani hugeuka giza. Nilikuwa nimekwisha kukichora kwenye karatasi. Niliichana ile karatasi nikaitia kwenye jiko.

Siku ya zamu yake ilikuwa Alhamisi. Niliomba ruhusa kazini nikapanda naye mlimani. Sikumwambia kwa nini, maana sikujua mwenyewe.

Kofia nyekundu siku hiyo ilikuwa kwa Csenge, msichana wa miaka kumi na tatu mwenye ulimi kama wembe.

"Shikamoo Shangazi Tünde. Umekuja kumlinda Bende asiibiwe?"

"Marahaba. Nimekuja kutazama."

"Basi ukae nyuma ya mstari. Hata wazazi. Hasa wazazi."

Nikakaa nyuma ya mstari. Kwenye saa nne watalii wakaanza kumiminika, na mimi nikawa mmoja wao, nikiwa nimebanwa kati ya mwanamke aliyebeba mtoto kifuani na vijana wanne waliovaa fulana za kufanana. Wote walikuwa wameinua simu. Waliwapiga watoto wetu picha kama wanavyowapiga simba wa mawe kule darajani, kutoka karibu, bila salamu. Mwanamke akamwambia mwenzake kwa Kiingereza kwamba ni mchezo mzuri ajabu. Siku nyingine ningemgeukia nikamwambia si mchezo, bibi, yule pale amefanya mtihani mgumu kuliko wa leseni yako. Siku ile nilifunga mdomo. Tunaishi kwa kutazamwa, mji huu. Mimi natengeneza miwani ya watazamaji, mwanangu anatazamwa, na mwaka mzima sikuwa nimemtazama.

Kwa kuwa mtihani ulikaribia, waliokuwa wanajifunza kofia nyekundu waliachiwa kuondosha treni, mwenye kofia akiwa kando yao. Treni ya kwanza ilipokaribia kuondoka, Csenge alitoka ofisini na vibao viwili akampa Bendegúz.

"Hivi ni vipya. Vile vya zamani vimekwenda kupakwa rangi, mipini yake imeliwa na panya."

"Panya," Bendegúz akasema.

"Au na wewe. Shika, treni hii ni yako."

Akashika, kimoja kila mkono. Mipini ilikuwa ya plastiki, laini kama kijiko. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake na nilikiona kidole gumba cha mkono wa kushoto kikipanda na kushuka, halafu cha kulia. Wakati ule ule bibi mmoja akaanza kubishana kuhusu mbwa wake, na Csenge akaenda kumtuliza. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa. Dereva alikuwa ametoa kichwa dirishani, anangoja. Watu kama sitini walikuwa wanangoja, na simu zao.

Bendegúz akanitazama.

Mtoto huyu, tangu ajue kusema, hajawahi kuniomba kitu kwa macho. Huomba kwa mdomo, na akinyimwa hutaka sababu. Siku ile alinitazama tu, amenyooka kama alivyofundishwa.

Nikashika sikio langu la kulia.

Akainua mkono wa kulia. Kibao cha kijani. Dereva akapiga honi, treni ikaondoka, na mwanangu akaipigia saluti mpaka behewa la mwisho likaingia msituni. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mwenye mtoto kifuani alikuwa amepata picha nzuri, akanionyesha bila kujua mimi ni nani.

Sikusikia afueni yoyote. Angekosea, angeinua chekundu, treni isingeondoka, Csenge angemcheka, yamekwisha. Lakini ipo siku kibao chekundu ndicho kinachotakiwa, siku ambayo treni nyingine inakuja kwenye njia ile ile, na siku hiyo sitakuwa nyuma ya mstari na masikio yangu.

Alikuja kusimama kando yangu. "Asante," akasema, bila kunitazama. Halafu, kwa sauti ya chini ya mtu anayepanga ratiba: "Na Jumamosi utasimama wapi? Kwenye mtihani wazazi hawaruhusiwi jukwaani. Nafikiria pale kwenye uzio, karibu na bomba la maji. Pale nakuona."

Hapo ndipo kujidanganya kwangu kulipokwisha. Alikuwa amekwisha kunipangia mahali. Sikuwa nimemfundisha neno lolote; nilishika sikio mara moja, akajifunza yote.

"Bende," nikamwambia, "nakwenda kwa Hedvig sasa hivi. Ukitaka njoo, hutaki baki."

"Mama, usiende."

Nikaenda.

Hedvig alikuwa ofisini akipanga majina ya zamu ya mchana. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Nilipomaliza alifunga kalamu yake.

"Nina maswali mawili, Tünde. Sehemu ya macho nani aliijaza?"

"Mimi."

"Ulimpima?"

"Herufi, ndiyo. Rangi, hapana."

"Basi uliandika uongo."

"Niliandika nisichokipima."

"Watoto wangu hapa wakifanya hivyo nauita uongo."

Huwa nawaambia watu kwamba ukweli hauumi ukisemwa haraka. Sivyo. "Sawa," nikasema. "Niliandika uongo. La pili?"

"La pili ni sikio. Nilikuwa mwisho wa jukwaa. Nilidhani umeumwa na mbu."

Mlango ukafunguliwa, Bendegúz akaingia, kofia ameibana kwapani, vibao viwili mkononi. Alivilaza mezani. Masikio yake yalikuwa yamewiva kwa wekundu. Hilo mimi nililiona, yeye asingeliona hata mbele ya kioo.

"Shangazi Hedvig, leo sikujua kipi ni kipi. Mama alinionyesha."

"Na kabla ya leo?"

"Nilijua kwa kidole."

"Kwa kidole," Hedvig akarudia. "Miezi yote hii." Alivivuta vile vibao upande wake wa meza. "Kaa chini, Bende. Kofia nyekundu hupati. Si mwaka huu, si mwaka ujao. Ishara huzigusi tena, wala swichi za njia, kuanzia dakika hii. Tiketi na matangazo unaweza. Ukitaka kubaki, utabaki huko. Ukitaka kwenda nyumbani, nenda, na hakuna atakayekucheka, ila Csenge, ambaye humcheka kila mtu."

"Tiketi ni kazi ya wanaoanza."

"Ndiyo," Hedvig akasema. "Na mimi inabidi niandike barua kuhusu cheti hiki. Kwa daktari na kwa wanaohusika. Tünde, unaelewa."

Nilielewa. Daktari alinipigia simu siku hiyo hiyo, na maneno aliyoniambia niliyapokea yote, kwa kuwa muhuri ulikuwa wake na aliugonga kwa kuniamini. Nilipewa onyo la maandishi. Fomu za watoto wa mtaa hazipiti tena kwangu. Wenzangu dukani waliona ni adhabu kubwa kwa mstari mmoja. Mimi naona ni ya kadiri.

Siku zile za kwanza Bendegúz hakurudi mlimani. Aliitundika sare nyuma ya mlango, na kwa siku tatu aliniambia neno moja tu, "Chumvi." Siku ya nne nilikuwa napika tambi za mbegu za mpopi, chakula akipendacho, na sikujifanya napika kwa sababu nyingine.

"Nimesoma," akasema kutoka nyuma yangu. "Ulinipa wewe. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na wewe alikupa babu."

"Ndiyo."

"Mbona wewe huna?"

"Ndivyo inavyokwenda. Kwangu imepita tu."

"Kama stesheni ambayo treni haisimami."

"Kama hiyo."

Akavuta kiti. "Hujaniomba msamaha."

"Kwa lipi? Kukupa, au kuandika?"

Alilifikiria hilo kwa uzito wake wote. "Kunipa hukujua. Kuandika."

Nilizima jiko, nikageuka. "Nisamehe kwa kuandika. Na kwa sikio."

"Sikio niliomba mimi."

"Wewe una miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyelishika."

Akavuta sahani. Alikula sahani mbili. Alipomaliza aliuliza kama shati lake la sare limefuliwa, nikamwambia liko kabatini tangu Ijumaa, akasema, "Sijasema nakwenda. Nimeuliza tu."

Alikwenda. Sikumsindikiza. Wiki tano zilipita kabla sijapanda tena mlimani, na nilipopanda ilikuwa Jumapili ya Agosti, sikumwambia. Foleni ya tiketi ilifika mpaka nje. Mtihani ulikuwa umempa Csenge wenzake wapya wawili wenye kofia nyekundu. Mmoja wao sasa alikuwa jukwaani, kijana mwembamba, anainua kibao bila kukitazama, kama watu wote wanavyofanya. Moyo uliniuma, sitasema haukuniuma. Nilipanga foleni.

Mbele yangu walikuwa mume na mke wazee, wageni. Walipofika dirishani, yule mzee akauliza kwa Kiingereza kuna nini hasa cha kuona huko juu, maana walikuwa na siku moja tu na ngome wameshaiona.

Nilimsikia mwanangu akijibu kwa Kiingereza chake cha shuleni, polepole, kila neno mahali pake. Nilijua kile ambacho watoto hufundishwa kusema: mapaa mekundu, misitu ya kijani, mandhari ya kupendeza. Hakusema hayo.

"Mkipanda mnara ulio kileleni, tazameni mto kwanza," alisema. "Asubuhi hii unang'aa kama kisu kilichonolewa upande mmoja. Upande wa Pest, ng'ambo ya mto, umelala bapa, upande wetu umekunjamana. Mapaa hayajaelekea upande mmoja hata mawili. Jua likisogea, yanabadilishana kivuli. Na kwenye treni, kabla ya kituo cha nne, kuna kulungu upande wa kushoto. Wanasimama ndani ya majani. Watu hawawaoni."

"Wewe unawaona?" bibi akauliza.

"Mimi nawaona kila siku. Watu wanatafuta kitu cha kahawia ndani ya kijani. Msitafute hivyo. Tafuteni umbo. Mgongo umenyooka, majani hayajanyooka."

Nilijua habari hiyo pia, nikikumbuka vizuri. Imo kwenye vitabu, kwamba macho ya namna hiyo hayadanganywi na rangi kama yetu. Niliisoma ukurasa mmoja na ile ya baba na binti. Sikuwahi kuwaza kwamba kila jioni, kwenye meza yangu, alikuwa amekaa mtu aliyeona mji mwingine, na kwamba nilikuwa sijamuuliza unafananaje. Wale wazee walichukua tiketi zao wakaondoka wakibishana nani akae dirishani.

Nikasogea.

"Moja, mtu mzima," nikasema.

Aliinua uso. Hakushtuka, au alishtuka akakumbuka yuko kazini. "Kwenda, au kwenda na kurudi?"

"Kwenda na kurudi."

Akakata tiketi, akaigonga muhuri, akaipitisha chini ya kioo. "Kaa kushoto," akasema. "Na usiongee ongee, mama, wanakimbia."

"Nitawaona kweli?"

"Sijui," akasema. "Jaribu. Anayefuata."

Mtu wa nyuma yangu alikuwa tayari anasukuma mkoba wake, nikampisha.